Ulimi wa Bi Mwanakheri

Kwa siku thelathini Bi Mwanakheri alikuwa akiingia kiwandani mwake, anakaa kwenye kiti karibu na mlango, hasemi neno. Waliotaka kukinunua walimpa sharti hilo: waone kwanza kama kiwanda hicho cha sabuni kinaweza kwenda bila yeye.

Siku ya mwisho, mbele ya mjumbe wao, meneja Shekue alichota sabuni kwa mwiko, akaiacha ipoe, kisha miguu ikampeleka kule kule ilikozoea.

"Mama, tuonjee."

Kwa miaka ishirini na minane, hakuna sabuni iliyotoka tangini bila kupita kwenye ulimi wake. Ikiuma, magadi yamezidi.

"Mimi sipo," alisema.

Zawena, msaidizi wa Shekue, akaupokea mwiko, akaigusa sabuni kwa ncha ya ulimi, akatema haraka.

"Inauma. Ichemshwe tena."

Mjumbe akatabasamu, akamfuata Shekue tangini. Bi Mwanakheri hakutabasamu. Vipimo vilikuwa vyake, vile vile vya mwaka mzima. Wateja waliolalamika kubabuka mikono aliwaita wazushi. Akauchukua mwiko, akaonja. Akaonja tena, safari hii akalamba.

"Haiumi hata kidogo!" akafoka.

Zawena alikuja mbio na kikombe cha maji. "Sukutua, Mama! Mdomo unavimba!"

Bi Mwanakheri alijigusa mdomo, akaukuta umefura kweli. Akakaa na kikombe mkononi, akisubiri maumivu yaje.