Bakuli la Jirani

Nilichoona kwanza ni maji. Kwenye bakuli la Mjomba, mbwa wetu wa mwisho pale kliniki mwenye homa ile mpya ya virusi, yalikuwa yamepungua vidole viwili tangu nilipolijaza jana jioni.

Daktari wa mifugo alikuwa ameshavuta kwenye sindano dawa ya kumlaza asiamke tena. Homa ile ilikuwa imeua mbwa wanne, na hakuna hata mmoja aliyekunywa maji baada ya siku ya tatu. Kwa Mjomba, hii ilikuwa siku ya tano.

"Daktari, amekunywa," nilisema, macho kwenye ndoo yangu ya kudekia.

"Kumbe una sauti!" Alicheka, kisha akapoa. "Ni joto, mdogo wangu. Maji yamekauka tu. Tusimtese mnyama bure."

Akashika mguu wa Mjomba, akitafuta mshipa.

Uso ulinichoma. Kizimba cha mbwa jirani yake kilikuwa kitupu tangu wiki iliyopita, lakini bakuli lake lilikuwa limejaa hadi ukingoni.

"Lile la jirani halijakauka hata kidogo," nilisema. "Aliyekufa bado namjazia maji kila jioni, daktari. Sijaweza kuacha."