Kupe wa Saa Nne Asubuhi

Mtu wa pekupeku alikuwa amejibanza nyuma ya pipa, na mkurugenzi alikuwa akimcheka.

"Mtazameni huyo," alisema, akimwonyesha kwa kijiti kwenye skrini kubwa ya ukutani. "Miezi mitatu anacheza, hajanunua hata kandambili!"

Wajumbe wawili wa bodi wakacheka kwa adabu. Mama Mtaji, aliyekaa mwisho wa meza, hakucheka. Alikuwa ameinamia kishikwambi chake chenye kava la maua, kidole kikipanda na kushuka. Mkurugenzi akafurahi moyoni. Alikuwa amewatumia ripoti ya kurasa themanini, na angalau mtu mmoja alikuwa anaisoma.

Jina la Mama Mtaji walimbandika wafanyakazi, kwa sababu fedha zote za kampuni zilitoka kwake. Leo angeamua. Akitia saini, huduma ingeendelea mwaka mwingine. Asipotia, milango ingefungwa Ijumaa, na mkurugenzi angerudi kuuza televisheni kwenye duka la shemeji yake, mtu ambaye alikuwa anaisubiri siku hiyo kwa hamu kubwa.

Kampuni ilirusha michezo ya kompyuta kupitia mtandao. Mchezo wenyewe uliendeshwa na mitambo ya kampuni, mteja akapelekewa picha tu, iwe kwenye simu, televisheni au chochote chenye kioo. Baadaye wakaongeza michezo ya bure, kwa matumaini kwamba watu wakinogewa watanunua makorokoro ya kumpamba mtu wao: kofia, panga, viatu.

"Hapo ndipo tulipoliwa," alisema mkurugenzi. "Kwingine, asiyelipa anatumia mashine yake na umeme wake. Kwetu anatumia mashine yetu na umeme wetu. Hawa si wateja, ni kupe! Wamekaa mgongoni kwa ng'ombe, halafu wanajiita wafugaji. Na huyu ndiye kupe mkuu. Saa nne asubuhi, siku ya kazi! Mtu mzima mwenye akili zake yuko wapi saa hizi?"

"Kazini," alisema mjumbe mmoja.

"Kazini! Huyu yuko kitandani nyumbani kwa mama yake, hajapiga hata mswaki."

Mhudumu akaingia na chai, akaanza na Mama Mtaji. Mama akapokea kikombe kwa mikono miwili na kushukuru. Kwenye skrini, mtu wa pekupeku alikuwa amesimama tuli katikati ya njia, mishale ikimpita masikioni.

"Mvivu hata wa kukimbia," mkurugenzi akasema, na akamtupia jicho fundi wa mitambo.

Fundi alikuwa ameinama chini ya meza, eti anachomeka waya. Mkurugenzi hakumwamini hata chembe. Wiki nzima jamaa huyo alikuwa akiwatetea kupe kana kwamba wamezaliwa tumbo moja. Alipoinuka, simu yake ilikuwa mkononi, na mtu wa pekupeku alikuwa ameanza kukimbia tena.

"Bosi, mimi naomba tusiwafungie," alisema fundi. "Anayenunua kofia ya dhahabu anataka ionekane. Tukiwaondoa wasiolipa, atamringia nani?"

"Atawaringia wanaolipa wenzake."

"Ni wachache mno, bosi. Hao wachache wenyewe..."

"Wachache wenye adabu zao!" Mkurugenzi akawatabasamia wajumbe, kama mzazi ambaye mwanawe amejikojolea mbele ya wageni.

"Na huyo wa pekupeku," Mama Mtaji akauliza bila kuinua kichwa, "anacheza vizuri?"

"Mama yangu, mdokozi akiwa hodari hatumpi zawadi."

"Ni wa kwanza kwenye orodha, Mama," fundi akadakia. "Wenye kofia za dhahabu wanaingia kila siku ili wampige yeye. Hawajamweza bado."

Mama Mtaji akaguna. Mkurugenzi akakohoa, akavuta kompyuta yake karibu. Kitufe alikuwa amekiandaa tangu jana: kubofya mara moja tu, na kila ambaye hajawahi kununua kitu anatupwa nje. Alitaka wakione kikifanya kazi. Watu wa fedha, aliamini, hupenda mkono usiotetemeka.

"Kwa ruhusa yako, Mama, nimalize habari ya hawa watu hapahapa."

"Ngoja kidogo, baba. Nimalizie hapa."

Mkurugenzi akangoja. Akaweka kalamu nzuri karibu na mkono wa Mama, tayari kwa saini, akairekebisha ikae sawa. Kwenye skrini walikuwa wamebaki wawili tu, mmoja mwenye kofia ya dhahabu akirudi nyuma hatua kwa hatua, na yule pekupeku akimfuata, fimbo juu. Wajumbe walikuwa wameanza kuegemea mbele. Mmoja alikuwa amesahau kikombe mdomoni. Mkurugenzi aliona hata haya kwa niaba yao. Watu wazima kabisa, wakimkodolea macho mzururaji!

Basi uvumilivu ukamwishia. Akamkazia macho fundi, ili aone atakavyoshtuka, akabofya.

Mtu wa pekupeku akatoweka na fimbo yake.

Fundi hakushtuka. Simu yake ilikuwa mezani, kioo chake cheusi, na macho yake yalikuwa yanatazama mwisho wa meza.

Mama Mtaji alikuwa anakigonga kishikwambi chake kwa kidole. Akakitikisa, akakigonga tena, kisha akakifunga kava na kuisukuma ile kalamu mbali naye.

"Alikuwa amebaki mmoja tu, baba," alisema. "Yule wa kofia."