Doa la Tui

Kwi, kwi, kwi. Sauti ilitoka mezani, gizani, umeme ukiwa umekatika tangu magharibi. Rukia alidhani ni panya. Alipowasha kibatari akamkuta bintiye, Zuwena, anasugua kwa pembe ya kanga iliyolowa picha ya galaksi ambayo mama yake alitakiwa kuipeleka chuoni kesho asubuhi.

"Nakusafishia, mama."

Rukia alishika kichwa. Picha zilikuwa mbili, za galaksi ile ile, moja ya mwaka jana na nyingine ya mwaka huu, na swali la mtihani lilikuwa moja tu: nini kimebadilika? Yeye alishajibu kwamba hakuna. Akikosa swali hilo, anarudia mwaka mzima. Kwenye picha mpya kulikuwa na doa jeupe, ila hakulijali, maana alikuwa akisoma huku anakamua nazi, akadhani ni tui limeruka.

"Muache akufutie," mumewe alicheka kutoka jikoni. "Mwalimu asije akanusa wali wako."

Rukia akaisogeza picha kwenye mwanga. Tui lingetoka zamani. Doa lile halikuwa juu ya karatasi, lilikuwa ndani ya picha. Nyota ilikuwa imelipuka huko mbali, mwanga wake ukasafiri mamilioni ya miaka mpaka kufika mezani kwake, na yeye akauita tui.

Akavuta karatasi yake ya majibu.

"Baba Zuwena," alisema polepole, "niletee kalamu."

Zuwena akalowesha kidole kwa mate, akasugua tena.

"Mama, hili halitoki."