Majibu Kabla ya Swali

“Mama, katika mdahalo wa jana wa wagombea ugavana, nani alikuridhisha zaidi?”

Ilikuwa simu ya tatu ya Donatille asubuhi hiyo, kwenye ofisi ya kura za maoni pale mtaani Kabeza, nje ya Kenya. Kiswahili cha Bujumbura alikokulia ndicho kilichompa kazi ya kuwapigia Wakenya.

“Unaniuliza nini, na redio imeshasoma majibu?” mama wa Kenya alifoka. “Imetaja kampuni yenu hiyo hiyo. Eti mmehoji watu elfu mbili, wakasema gavana ameshinda. Yule aliyekwepa swali la maji! Mlimhoji nani?”

Donatille akatazama saa ukutani. Walikuwa wameanza kazi robo saa iliyopita.

Akafunika kinasa sauti cha hedifoni kwa kiganja, akamgeukia msimamizi. “Redio imeshatangaza. Hata watu thelathini hatujawauliza!”

“Hiyo iko mambo ya wakubwa,” msimamizi alisema bila kuinua macho. “Wewe piga tu. Simu zikilia kule, watu wataamini iko utafiti kweli.”

Sponji ya hedifoni ilikuwa imechakaa, na vipande vyake vyeusi vilimganda sikioni kwa jasho. Akavibandua kimoja kimoja.

Kisha akachomoa waya wa hedifoni kwenye kompyuta na kufungua sauti hadi mwisho.

“Mama, hebu rudia hayo. Kwa nguvu.”

Kwenye meza saba za wenzake, wapiga kura saba wa Kenya walikuwa kwenye simu, wakisikia kupitia vinasa sauti vya wenzake.