Siku ya Kumi na Tatu

Siku hizi banda la kuku hupima lenyewe kideri, ugonjwa wa kuku ambao mtu naye huweza kuupata machoni, na likikibaini hufunga lango la nyumba. Aliyemo hubaki siku kumi na nne, na akitokea mgonjwa mpya, siku zinaanza upya.

Mzee Semboja, baba mkwe wa binti yangu, alikuwa anakunywa chai kwangu nilipomwona tetea mweupe amejikunyata, shingo imepinda, kinyesi kijani kama maji ya mchicha. Nikajua kabla ya banda.

“Mkwe, inuka uende haraka.”

“Unanifukuza na kikombe mkononi?”

Lango likajifunga. Akacheka, akaomba andazi jingine. “Harusi ya mjukuu wangu ni siku ya kumi na tano. Nitawahi.”

Tulikaa vizuri. Tetea alikufa, lakini wenzake kumi na mmoja walikuwa wamechanjwa. Mkwe alijifunza kusonga ugali, nami nikaula na mabonge yake. Kwenye bao aliiba kete, nikajifanya sioni.

Leo, siku ya kumi na tatu, nimeamka kumpigia pasi kanzu yake ya harusi. Banda likatangaza: “Kundi la kumi na watatu. Mgonjwa mpya mmoja.”

Nikahesabu kuku. Ni kumi na mmoja, wote wanaparura kwa furaha. Kumi na watatu ni pamoja na sisi wawili.

Nikamgeukia mkwe. Jicho lake la kushoto lilikuwa jekundu, linatoa machozi.

“Moshi tu huu, mkwe,” akasema.

Jiko nilikuwa bado sijaliwasha.