Mstari Ambao Kunguru Hakuusoma

Buibui fundi alitunga programu ya simu iliyopiga kelele kila mwewe alipokaribia. Juu kabisa ya msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, akaandika: "Si yangu tena, ni ya wote." Mwaka huo Mama Kuku hakupoteza kifaranga hata mmoja.

Kunguru mwenye tamaa akaiweka kwenye simu yake, akaufuta mstari huo, akaweka jina lake, kisha akamshtaki Kuku kwa Kadhi Kobe.

"Anatumia programu yangu bila ruhusa. Aizime leo hii!"

Kuku akawakumbatia vifaranga wake. Kobe akamgeukia Buibui.

"Bibi fundi, programu ni yako?"

"La, mheshimiwa. Niliitoa."

"Mmesikia!" Kunguru akacheka. "Si yake, basi ni yangu!"

Mara kivuli cha mwewe kikapita juu yao. Simu ya Kunguru mwenyewe ikapaza sauti ya Buibui: "Jificheni, jamani! Programu hii ni ya wote!"

Kumbe Kunguru alifuta mstari wa kwanza tu, hakusoma hadi wa mwisho.

Hatari ilipopita, Kuku akatoka na vifaranga wote, akipiga vigelegele. Kobe akachomoza kichwa kwenye gamba.

"Futa jina lako, Kunguru, kisha endelea kuitumia. Katika hao wote, hata wewe umo."