Ukurasa wa Leo

Biblia ilikuwa wazi tena kwenye meza ndogo, kando ya kitanda cha mtoto, palepale Syntiche anapokaa kunyonyesha. Akainama kusoma, damu ikamchemka. Leo ilikuwa habari ya Yezebeli, yule malkia aliyetupwa dirishani akaliwa na mbwa.

"Osée, kuya uone!" alimwita mumewe. "Mama yako ameniandalia chai ya asubui."

Osée alikuwa akifunga kamba za viatu. "Mama iko anaombea mutoto tu."

"Na hawa imbwa? Beko banaomba nini?"

Ilikuwa hivyo tangu mama mkwe wake, Mama Victorine, afike kutoka Sakania na Biblia yake kumwona mjukuu wake Plamedie. Matusi ya mdomo, hakuna. Mama huyo aliketi mlangoni na ungo wake, akitoa vijiwe katika mchele, hata vile vidogo ambavyo Syntiche mwenyewe havioni. Lakini ujumbe ukiingia kwenye simu yake, humpa Osée: "Nisomee, mwana. Macho imechoka."

Macho imechoka! Syntiche alicheka puani. Kumtafutia yeye Delila na Yezebeli, hapo macho hayachoki.

Basi naye akajibu kwa Biblia ileile. Zamani alibeba Biblia Jumapili tu, tena kwa kujipepea mahubiri yakiwa marefu. Sasa alisoma kila siku, mtoto amelala, maharagwe yanachemka kwenye mbabula ya makaa, sura kwa sura, kidole kwenye mstari, akitafuta jiwe la kurusha. Mzee Eli aliyeanguka kitini akavunjika shingo: akaiacha wazi hapo. Safira mwongo, aliyekata roho mbele ya mtume: akaiacha hapo. Na kila jioni Mama Victorine alisimama penye meza ile, akaangalia, akatabasamu. Tabasamu hilo lilimchoma Syntiche kuliko tusi.

Kwenye shirika, pale wakristo wa mtaa wanapokutana kusali, kiongozi alimsifu mbele ya wote. "Mama Plamedie, Biblia unaijua sasa! Imani yako inakomaa." Mama Victorine akapiga makofi kuliko watu wote. Syntiche akaona anachezewa.

Walipofika nyumbani akamwambia Osée: "Chagua. Arudie kwake Sakania, ao miye nabeba mutoto naenda kwetu."

Osée alivaa tena viatu vyake. Kisha akatoka kutafuta nafasi ya basi.

Asubuhi mfuko wa mama ulikuwa mlangoni, umefungwa kamba. Syntiche alikuwa ameshamwekea ukurasa wa kumuaga: ardhi iliyofunua kinywa ikameza watu wangali hai, wao na watoto wao wadogo. Akaketi kando ya kitanda, mikono kifuani, akingoja amwone anavyosoma.

Mama Victorine aliingia taratibu, kitambaa cha safari kichwani. Akamfunika Plamedie miguu. Akaitazama Biblia, akatabasamu vilevile.

"Mama Plamedie, hii Biblia ya marehemu mume wangu namuachia mutoto. Kwetu, mutoto mudogo halale bila Biblia wazi pa kichwa, imuchunge. Nilikuwa nafungua popote tu, nasema yote iko ya Mungu. Kisha nikaona na weye unageuza, kila siku ukurasa ingine. Nikasema, eh! Mukwe wangu iko anachunga mutoto kunipita miye."

Syntiche alishusha mikono iliyokuwa kifuani.

Mama mkwe alitazama mlango, akashusha sauti. "Miye sikuingiaka masomo, mwana. Hata Osée hajue, haya ilinishika. Weye njo wa kwanza kukuambia."

Akalaza kiganja juu ya ukurasa, polepole, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Kabla niende, nisomee kidogo. Leo ulimufungulia mutoto wetu maneno gani?"